Panga Jipya Lisitiwe Motoni



Mwakumbuka kuwa kabla ya masika kwisha Halmashauri ilitutuma kuvuka kwenda Tanga kununua mapanga ya chama, kwa kuwa bei ya jumla kule Ngamiani ilikuwa nafuu kuliko ya huku kisiwani, hata ukihesabu nauli na gharama za bandarini. Tulinunua dazani sita. Yalipakiwa, yakafika salama, na kila mwanachama aliyejiandikisha akapewa lake kwa bei ileile ya kununulia. Dazani mbili zilibaki ghalani kwa ajili ya watakaochelewa. Tulidhani shughuli imekwisha. Haikutimia wiki ya pili, malalamiko yakaanza kuingia ofisini.

Wa kwanza alisema panga lake linanata. Akifyeka majani hupita vizuri, lakini akipiga tawi bichi la mwembe bapa hushikwa ndani ya mti kama lililopakwa gundi. Siku moja alilivuta kwa nguvu, likachomoka ghafla, likamkata muundi, akashonwa nyuzi tano. Wa pili alisema kila akilipiga tupa, tupa huziba meno na kuteleza. Wa tatu hakuja na maneno mengi. Alikuja na panga lenyewe limefungwa ndani ya gunia, akalitoa, akaliweka juu ya meza yetu. Bapa lilikuwa na rangi za shingo ya njiwa, manjano na zambarau na buluu, na kwenye makali lilikuwa kijivu tupu. Mpini uliungua. Makali yenyewe yalikuwa yamelala upande mmoja kama ukingo wa jani la mgomba lililopigwa na upepo.

Alitueleza kuwa aliona panga lina kitu juu yake mfano wa rangi, na jirani yake akamshauri alilaze juu ya makaa ya vifuu mpaka kile kitu kiungue. Kikaungua kweli. Asubuhi yake alikwenda kufyeka chini ya mikarafuu yake, maana uchumaji ulikuwa umekaribia na majani yalikuwa yamefika magotini, na pigo la tatu juu ya kisiki cha mpera likayalaza makali yote. Tulimwuliza kama yuko mwingine aliyefanya hivyo. Akatujibu, "Bwana Katibu, mtaani kwetu tumefanya watu saba."

Mapanga saba katika arubaini na nane yaliyogawiwa si kidogo, na fedha ni za wakulima. Basi twaona ni wajibu wetu kueleza jambo hili kwa urefu: kitu gani kile kilichopakwa juu ya panga jipya, kwa nini hapana budi kiondolewe, na njia ipi ya kukiondoa isiyoliua panga. Tungalieleza siku ya kugawa, pengine hasara hii isingalitokea. Kosa hilo ni letu.

Panga la kazi hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma kilichotiwa kaboni kidogo, aghalabu pungufu ya sehemu moja katika mia. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachokiwezesha chuma kuwa kigumu na kushika makali, lakini hakikikingi na kutu hata kidogo. Vile visu vinavyong'aa siku zote vina kromi nyingi ndani yake, na kwa hiyo kutu haivipati upesi. Siku hizi watu huviita visu vya chuma cha pua. Wazee wetu wakisema chuma cha pua walikusudia feleji yoyote, basi mtu akikwambia dukani kuwa panga hili ni la chuma cha pua, mwulize zaidi kabla hujatoa fedha.

Mapanga husafiri mbali kabla ya kutufikia. Wakati wa ukoloni yaliyokuja huku yalitoka sana Birmingham, Uingereza, na yale ya Ralph Martindale yenye chapa ya mamba yalijulikana katika nchi nyingi za Afrika. Leo mengine hutoka Brazili, kama yale ya Tramontina, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911 katika mji wa Carlos Barbosa, na mengine hutoka China na India. Feleji tupu ikikaa wiki nyingi baharini, ndani ya kontena linalotoka jasho kila usiku, itafika ikiwa nyekundu kwa kutu, na hapana mwenye duka atakayeipokea. Kwa hiyo kiwanda huipaka utando mwembamba wa vanishi usio na rangi, au wenye umanjano kidogo. Wengine hupaka rangi nyeusi au ya buluu. Wengine, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, hupaka grisi tu na kufunga karatasi juu yake.

Utando huo ni wa safari na wa dukani. Shambani hauna faida, na una madhara zaidi ya yale mliyokwisha kuyaona. Kunata kwenye mti mbichi na kuziba tupa ni mambo ya kuonekana. Lisiloonekana ni hili: vanishi haitoki yote kwa mara moja, bali huchubuka hapa na pale kwa kazi. Palipochubuka maji huingia, yakatambaa chini ya utando uliobaki, na kutu ikala humo kwa siri. Mwenye panga hutazama akaona bado lang'aa, kumbe chini yake limekwisha kutoboka vijitundu. Na ikiwa ni kisu cha jikoni, vile vipande vya vanishi vinavyobanduka huenda wapi? Huingia ndani ya mchicha na samaki, nasi tukavila.

Basi waliotaka kuuondoa utando walikuwa na haki. Walikosea njia tu.

Panga lile lililoungua tulivuka nalo tena mpaka Tanga, tukilifikiria kuwa ni bovu na mwenye duka atatubadilishia. Mwenye duka alilitazama mara moja, akacheka, akatuelekeza kwa mzee mmoja mhunzi ambaye katika ujana wake kazi yake ilikuwa kunoa visu katika mashamba ya mkonge. Hatukupoteza safari. Tanga ni mji uliokuzwa kwa kisu, ijapokuwa watu husema umekuzwa kwa kamba. Mkonge uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida ilibaki hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Kila jani la mkonge huo lilikatwa kwa kisu, na mkono wa mtu. Mzee aliyezeekea katika kazi hiyo aijua feleji kuliko anavyoijua katibu wa chama.

Alichukua tupa, akaipitisha juu ya makali ya panga letu. Tupa ikala kama inayokula shaba. Akachukua panga lake mwenyewe, akaipitisha juu yake pia. Ikalia, ikateleza, ikala kwa shida. Akaliweka letu chini, akasema, "Mwanangu, hili mmelifisha."

Alivyotueleza ni hivi. Kiwandani feleji hupashwa moto mpaka ikawa nyekundu, kisha ikazimwa ghafla, aghalabu ndani ya mafuta. Hapo huwa ngumu sana lakini kavu kama kigae. Ukiipiga juu ya jiwe huvunjika. Kwa hiyo hupashwa moto mara ya pili, moto mdogo uliopimwa, ili ukavu upungue na ugumu wa kutosha ubaki. Kisu cha jikoni hupashwa mara hiyo ya pili kwa kiasi cha digrii 200 hivi. Panga hupashwa zaidi ya hapo, maana lataka kupinda bila ya kuvunjika. Na kanuni ni moja kwa yote: feleji ikipata joto lililozidi lile la mara ya pili, hulainika, na ikipoa hairudii ugumu wake.

Zile rangi za njiwa ni kipimo cha joto. Feleji safi ikipashwa moto, kwenye digrii 220 hivi huwa manjano kama majani makavu, ikikaribia 300 huwa buluu, na ikizidi sana rangi hupotea ikawa kijivu. Makaa mekundu ya vifuu hupita digrii 600 bila ya taabu. Makali ndiyo membamba kuliko sehemu nyingine, basi ndiyo yanayoshika moto kwanza na kuzidi. Kwa hiyo mtu aweza kuona bapa lina buluu nzuri, akafurahi, na huku makali yamekwisha kufa. Moto wa kuteketeza vanishi na moto wa kulifisha panga haupishani mbali, na hapana awezaye kuupima kwa jicho juu ya jiko la makaa.

Tulimwuliza kama lafufuka. Alisema huenda. Mhunzi hulipasha lote sawasawa mpaka sumaku isilivute tena, maana feleji ikifika wekundu huo huacha kuvutwa na sumaku, kisha hulizima katika mafuta na kulipasha mara ya pili. Lakini panga ni refu na jembamba, na mengine hupotoka wakati wa kuzimwa. Katika saba yetu alikubali kuyajaribu matano, mawili aliyarudisha. Malipo yake kwa kila moja yalikaribia nusu ya bei ya panga jipya.

Sasa twende katika njia zenyewe. Tuliporudi tulichukua mapanga manne ya ghalani tukayajaribu nyuma ya ofisi, mbele ya wajumbe wawili wa Halmashauri, na haya tunayoyaandika tumeyaona kwa macho yetu.

Kwanza mtu ajue ana nini mkononi. Lifute panga kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ikiwa lina grisi tu, grisi itatoka, na ukiliosha kwa sabuni na maji ya moto kazi imekwisha. Ikiwa baada ya hapo bado lang'aa na kuteleza, litilie tone la ndimu juu ya bapa, ungoje dakika kumi. Feleji tupu itafanya doa la kijivu au jeusi pale palipoketi tone. Penye utando hapatakuwa na kitu. Jaribio hili la ndimu ni zuri pia la mwishoni, ukitaka kujua kama umeumaliza utando wote au umebakisha mahali. Mafuta ya taa hayaiondoi vanishi iliyokauka, wala tapentaini. Tulisugua kwa yote mawili mpaka mikono ikachoka na panga likabaki vilevile.

Njia tunayoipenda kuliko zote ni ya maji ya moto na magadi. Wengine watashangaa: tumekataza moto, mbona twaleta jiko? Jawabu ni kwamba maji yakichemka hayapiti digrii 100 hata ukiyachochea mchana kutwa, na joto hilo liko chini sana ya lile la kuidhuru feleji. Chukua debe, ulijaze maji kiasi cha kuufikia mwisho wa bapa panga likisimamishwa, uyachemshe, utie magadi vijiko vikubwa viwili kwa kila lita mbili. Simamisha panga, mpini juu. Mpini wa mti usiingie majini, maana utavimba, kisha utapasuka na ribiti zitalegea. Liache nusu saa. Litoe kwa kitambaa kinene, na papo hapo, lingali na moto, ulisugue kwa kumbi la nazi na majivu, au kwa ile stilwaya ya kusugulia masufuria. Vanishi huwa imelainika kama ngozi ya maziwa, na hutoka kwa vipande. Katika manne yetu, mawili yalitoka safi kwa mara moja, la tatu tulilirudisha majini tena, na la nne, lenye vanishi ya manjano, halikutaka kabisa.

Lakini jihadharini na jambo moja: msitumie sufuria ya alumini. Magadi ya moto hula alumini, na mtapata sufuria nyeusi iliyochakaa pamoja na ugomvi nyumbani. Debe la bati au chungu cha chuma ndicho kifaacho.

Kwa lile la nne ilitulazimu kutumia thina. Thina ziko namna nyingi, na ile ya rangi za mafuta za kupakia milango haifai. Inayofaa ni ile kali ya mafundi wanaopiga rangi magari. Kwa kisu kidogo yafaa hata ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na hapana nyumba yenye wasichana itakayoikosa. Lowesha kitambaa, kifunge juu ya bapa, juu yake funga mfuko ili isikauke, ungoje robo saa, kisha ufute kwa nguvu kuelekea upande mmoja, kutoka mgongoni kwenda makalini, usije ukajikata. Rudia mpaka kitambaa kisishike kitu.

Thina si maji. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini mpaka ukafika jikoni, ukashika moto na kurudi nao. Basi kazi hii na ifanywe uwanjani, penye upepo, mbali na jiko, bila ya sigara, na watoto wawe mbali. Usiimimine katika kikombe cha plastiki, maana plastiki nyingine huyeyuka nayo. Usiimwage karibu na kisima. Na kitambaa kilicholowa kitandaze nje kikauke, kisikunjwe na kutupwa pembeni ya nyumba.

Palipobaki mabaki, msasa mwembamba wa dukani utamaliza. Vijana wengi hawajui kuwa jina hilo la msasa ni la mti, ambao majani yake ni makavu na yenye kukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia milango na visu. Mtu mwenye subira aweza kuyatumia hata leo. Msiende katika mashine ya kusagia yenye gurudumu la kasi. Cheche zile ni moto, na makali yatageuka buluu kwa muda wa kupepesa jicho, tukawa tumerudi kwenye yale makaa ya vifuu kwa njia nyingine.

Je, lazima utando wote uondoke? Kwa panga la shamba, sisi twaona hapana. Ile sehemu ya shingo, shubiri moja karibu na mpini, haikati kitu, na vanishi yake ikiwa nzima na iachwe. Lakini pale panapokata pasafishwe pande zote mbili mpaka mgongoni, kusibaki visiwa vya vanishi ambavyo maji yatatambaa chini yake. Kisu cha jikoni kisafishwe chote bila ya kubakisha. Na panga ambalo huna kazi nalo mwaka huu liache kama lilivyo na vazi lake, ulitundike ghalani. Ndivyo tulivyofanya sisi kwa yale yaliyobaki katika dazani mbili za akiba.

Utando ukiisha kutoka, panga liko uchi, na hapo ndipo wengi hulala usingizi. Hewa ya kwetu ina chumvi, na feleji iliyotoka tu katika maji ya moto huanza kupata wekundu kabla hujamaliza kunywa kikombe cha chai. Lioshe kwa sabuni, likaushe kwa kitambaa, lipashe jua kidogo, ulipake mafuta saa ileile. Kunoa kwaja baadaye. Mengi yaliyotoka kiwandani hayana makali ya kweli, bali yamekatwa tu, na tupa huenda ikachukua saa nzima mara ya kwanza. Safari hii haitaziba.

Mafuta gani? Mafuta ya nazi, na tuna sababu zaidi ya kuwa ni yetu. Mafuta ya alizeti, na mengine ya mbegu, yakikaa juu ya chuma hukauka yakawa kama gundi, na mtu akadhani panga limerudiwa na vanishi. Ya nazi hayakauki namna hiyo. Oili ya magari huzuia kutu vizuri sana, hatukatai, lakini panga la shambani ndilo hilo hilo linalopasulia dafu na fenesi, na hapana apendaye dafu lenye harufu ya gereji. Kwa fenesi khasa, paka mafuta ya nazi kabla ya kukata, utomvu hautaganda.

Sisi wenye karafuu tuna fahari yetu katika jambo hili. Wajapani wana panga za vita za feleji tupu, nyingine zimedumu miaka mia saba na zaidi, na mafuta ya kuzipaka huyaita choji, neno ambalo maana yake ni karafuu. Siku hizi yaliyomo ndani ya chupa aghalabu ni mafuta ya madini, na ya karafuu yametiwa kidogo tu. Kinachozuia kutu ni yale mafuta mengine. Ya karafuu huleta harufu. Mwenye kupata mafuta ya makonyo ya Wawi aweza kutia matone machache ndani ya kikombe cha mafuta ya nazi, na huenda yakachelewa kuvunda. Asiyapake matupu, kwani ni makali, huchoma ngozi na kulainisha plastiki ya mpini.

Kinga nyingine ni weusi. Kisu cha feleji kikikata vitunguu, maembe mabichi na ndimu, baada ya siku chache hugeuka kijivu, kisha cheusi. Tumesikia kina mama wakilalamika kuwa kisu kimeharibika, na wengine hukisugua kila siku mpaka king'ae. Kisisuguliwe. Kutu mbaya ni ile nyekundu, yenye kuambuka na kuacha unga kidoleni. Weusi huu umeshikamana na chuma chenyewe, na huizuia ile nyekundu isiingie upesi. Mgomba hufanya vivyo hivyo, kama ajuavyo kila aliyepata kuharibu kanzu kwa utomvu wake. Asiyetaka kungoja achemshe chai kavu nyingi, atie siki au ndimu, aiache ipoe, alaze kisu humo saa moja au mbili kisha akioshe na kukipaka mafuta. Panga la ofisi tumelifanya hivyo, limekuwa jeusi kama nywele.

Juu ya kuweka, maneno ni machache. Ala ya ngozi hunyonya unyevu na kuuweka karibu na chuma, basi ni ya kuchukulia njiani na si ya kulazia panga usiku. Kulichomeka katika shina la mgomba ukaenda zako kula ni mazoea mabaya. Tumeyaona kwa watu wakubwa.

Kwa wale wanaotaka kufanyiwa: Jumamosi mbili zijazo, baada ya sala ya alasiri, debe litakuwa jikoni nyuma ya ghala, na magadi yapo. Kila mtu aje na panga lake na kitambaa chake, na mafuta ya nazi kiasi cha kijiko. Wenye kisu cha jikoni walete pia. Kazi ya thina itafanywa na karani wetu peke yake, uwanjani, na wavuta sigara wabaki barazani. Wale saba, mapanga matano yaliyokwenda kwa mzee yatarudi kwa boti ya wiki ijayo, na Halmashauri imekubali chama kilipe nusu ya gharama; wenye mawili yaliyorudishwa waje wachukue mapya ghalani kwa bei ya kununulia, walipe baada ya kuuza karafuu. Ikiwa yuko wa nane aliyeunguza lake na akanyamaza, asione haya, alilete kabla ya Jumatano ili liwahi boti hiyo hiyo. Thina tuliyo nayo ni galoni moja. Isipotosha tutaagiza nyingine Tanga.